Ndoo ya Mkwe Wangu Iliyogoma Kuchachuka

Nimepika pombe ya mtama Nachingwea kwa miaka thelathini na kidogo, na muda wote huo sikuwahi kusoma hata mstari mmoja unaohusu pombe. Siku niliyosoma ndiyo siku pombe iliponishinda. Nawaambieni hivi mapema, ninyi wajukuu zangu mnaonijia na simu mkononi mkitaka niwatajie vipimo, msije mkadhani bibi yenu Filomena hakuwahi kuaibika. Nimeaibika mara nyingi, na mara moja mbele ya padri.

Hiyo ya padri ni fupi. Nilipewa kazi ya pombe ya harusi, pipa langu likawa linavuja, nikaazima la jirani. Jirani yule alikuwa akitengeneza sabuni ya maji. Nikalisuuza mara moja tu kwa sababu nilikuwa na haraka. Siku ya harusi watu wakanisifu: "Mama Filo, leo ina povu!" Nikavimba kichwa. Padri akanywa funda moja, akapiga chafya, na kapovu kakamtoka puani, kakapaa taratibu mbele ya waumini wote, kakaenda kutua kwenye shela ya bibi harusi. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama wangecheka.

Kwa hiyo shikeni hili: povu la pombe ni zito na vivu, linakaa ukutani mwa kata kama mtu aliyeshiba. Povu la sabuni lina haraka ya kwenda mahali. Na chombo cha kuazima kisuuze mara tatu, ya mwisho kwa maji ya moto, hata kama mwenye chombo ni mtu wa sala.

Kazi hii nilifundishwa na mwanamke mmoja wa Mbekenyera, Mama Teodora, sisi tulimwita Mama Teo. Nilikwenda kwake nikiwa msichana, sijui hata kutofautisha kimea kilichoota vizuri na mtama uliooza. Yeye ndiye aliyenifundisha kiwiko. Uji wa pombe ukishapikwa unauacha upoe, kisha kabla ya kutia chachu unachovya kiwiko. Kiwiko kikishtuka, subiri. Kikitulia kama kimeingia kwenye maji ya kuogeshea mtoto, tia chachu yako. Chachu ni kiumbe. Ukiitia kwenye moto, umeipika.

Nilikaa kwake misimu minne. Tuliachana vibaya, na kosa lilikuwa langu. Palikuwa na sherehe ya jando kijijini, watu wanataka pombe kesho yake, na pombe ya Mama Teo ilikuwa bado inajikalia tu. Nikanunua hamira dukani, ile ya maandazi, nikaimwaga kwenye pipa pakiti nzima kwa siri. Saa nne asubuhi kifuniko kiliruka. Povu likapanda, likamwagika, pipa likayumba likaangukia mafiga, kuni zikatawanyika, cheche zikashika nyasi za paa la jiko. Mama Teo akatoka akiwa na kata mkononi. Akaliangalia pipa, akaniangalia mimi, akanyoosha mkono kuelekea barabarani akapiga ukelele: "Nenda!"

Nikaenda. Sikuchukua hata kanga zangu. Nikafika barabara kuu, nikapanda lori la ufuta, nikashukia Nachingwea. Huko nikaanza na sufuria moja, baadaye nikawa na kilabu changu, na pombe yangu watu waliifuata kutoka mbali. Lakini Mbekenyera sikurudi. Ningemtazama usoni vipi mtu niliyemchomea jiko?

Basi miaka ikapita, magoti yakakataa, nikafunga kilabu. Nikakaa kwa binti yangu Matilda. Mumewe, Deusi, ni fundi wa mitambo, mtu mpole na mwenye heshima kupita kiasi, hata kuketi nami meza moja haketi. Siku moja akarudi kutoka safari ya kazi na boksi kubwa. Akaliweka mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu, akamwambia mkewe anieleze.

"Mama," Matilda akasema, "Deusi anasema ni zawadi ya kustaafu. Ni vifaa vya kupikia bia nyumbani."

Ndani mlikuwa na ndoo nyeupe yenye bomba chini, kopo la rojo jeusi zito kama asali iliyoungua, kipakiti kidogo cha chachu, kipimajoto cha kioo, na kidude cha plastiki cha kuchomeka kwenye kifuniko. Kidude kile unakitia maji kidogo. Pombe ikianza kufanya kazi, hewa inatoka kwa kupenya kwenye maji hayo, bwa, bwa, bwa, na ya nje haiingii. Nilikipenda papo hapo. Miaka yote nilikuwa naweka sikio kwenye pipa kusikiliza kama pombe imeamka, kumbe wenzetu wameipa mdomo.

Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale nyumbani. Matilda akaielekeza simu yake kwenye karatasi ili itafsiri. Jirani yetu Mzee Kaspari, mwanajeshi mstaafu na mteja wangu wa zamani, akaja na kiti chake kusikiliza.

"Hatua ya kwanza," Matilda akasoma. "'Tisha vyombo vyako mpaka visiwe na maisha.'"

"Hiyo ni kusafisha," nikasema. "Hata mimi ningeiandika hivyo, baada ya yale ya padri."

Tukachemsha maji, tukasuuza kila kitu. Tukalimimina lile rojo kwenye maji ya moto, nikakoroga.

"Hatua ya nne," Matilda akasoma, akasita. "'Tupa chachu juu ya chunjua.'"

Tukatazamana. Mzee Kaspari ana chunjua shingoni, kubwa kama korosho. Akaifunika kwa kiganja.

"Soma tena," akasema.

"'Tupa chachu juu ya chunjua ikiwa imepoa.'"

"Ya kwangu haijawahi kupata moto," akasema Mzee Kaspari, na akasogeza kiti chake nyuma.

Nikawaambia mashine imekosea, maana yake ni ule uji. Matilda akanipa kipimajoto. Nikakisukuma pembeni. "Mwanangu, kiwiko hiki kimepika pombe kabla hujazaliwa." Nikachovya kiwiko. Kikatulia kabisa. Nikamwaga chachu, nikafunga kifuniko, nikachomeka kidude, na nikamtangazia Mzee Kaspari kwamba Krismasi mwaka huu watu wangu wote wa kilabu watakunywa bia ya kopo kwa mkono wa Filomena. Mzee Kaspari alikuwa na mdomo mpana. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika sokoni.

Siku ya kwanza kidude kilinyamaza. Nikasema, imechoka na safari. Siku ya pili kimya. Nikaifunika ndoo kwa gunia lililoloweshwa maji, maana karatasi ilitaka mahali pa baridi, na Nachingwea mwezi ule hata kivuli kilikuwa kinatoka jasho. Siku ya tatu wakaanza kuja watu.

Walikuja kama mtu anavyokwenda kumjulia hali mgonjwa. Wanavua viatu mlangoni, wanaketi kwenye mkeka, wanaitazama ndoo.

"Ameamkaje leo?" mmoja ananiuliza.

"Vilevile."

"Hajasema chochote?"

"Bado."

"Pole sana, Mama Filo. Tumwachie Mungu."

Bi Zaituni wa nyumba ya pili, mama wa Kiislamu ambaye hajagusa pombe maishani mwake, alituma sahani ya wali. Nikamuuliza wa nini. Akasema aliona watu wengi wanaingia na kutoka kimya kimya, akadhani tumefiwa. Nilipomweleza, akakaa akafikiri, kisha akasema, "Basi kuleni tu." Mzee Kaspari alikuja asubuhi na jioni. Anasimama mbele ya ndoo, anapiga saluti, anaondoka. Sikujua kama ananitania au anaomboleza, na nadhani hata yeye hakujua.

Mnacheka. Lakini mimi usiku wa tatu sikulala vizuri. Magoti yakikataa unasema ni uzee, Mungu ndiye aliyepanga. Mkono ukikataa kazi uliyoifanya maisha yako yote, unabaki nani? Nilijua mtu mmoja tu duniani wa kumuuliza. Nilikuwa nimesikia kwamba bado yu hai.

Asubuhi nikaifunga ndoo kwa kanga, nikapanda gari hadi Ruangwa. Pale Ruangwa mjini nikachukua bodaboda ya kwenda Mbekenyera. Dereva alikuwa baba mzima wa makamo, amevaa kofia ya sufu katika joto lile. Nikaipakata ndoo kati yetu. Hatujafika mbali, kwenye matuta, nikasikia: bwa.

"Simama!" nikamwambia.

Akasimama. Ndoo ikanyamaza.

"Nenda."

Akaondoka. Bwa, bwa.

"Simama!"

Kimya.

Akageuka akanitazama. "Bibi, humo ndani kuna nini?"

"Bia. Imelala siku tatu, sasa inaamka. Hebu zunguka ule uwanja wa mpira."

Tukazunguka uwanja. Tulipoendesha ndoo ilisema, tuliposimama ilinyamaza. Tukazunguka mara ya pili, wachezaji wakasimamisha mpira kututazama. Golikipa mmoja akapunga mkono. Mwishowe dereva akazima pikipiki.

"Bibi yangu, shikamoo kwanza. Nakwambia ukweli kama mama yangu. Hii kitu imezima. Kinachosema ni barabara."

Nikakasirika, lakini alikuwa sahihi. Ndivyo nilivyojifunza jambo lingine la kazi: pombe isikilizwe ikiwa imetulia. Ukiitikisa, hata maji matupu yatakujibu.

Mama Teo nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye kigoda anapepeta mtama. Amekuwa mdogo. Nywele zote nyeupe, mikono kama mizizi, lakini ule ungo ulikuwa unaruka na kutua kama zamani. Nikapiga magoti kwa taabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Filomena."

Ungo ukasimama. Nikaona afadhali niyatoe yote mara moja kabla hajanitimua.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Hamira ile niliitia mimi. Nilifanya kwa siri. Najua ulinifukuza kwa haki."

"Nilikufukuza lini?"

"Siku ya moto. Ulinyoosha mkono ukaniambia nenda."

"Nilikwambia nenda kisimani!" Sauti yake ikapasuka. "Jiko linaungua! Ulitaka nikwambie nini, karibu? Nilikwambia nenda ukalete maji!"

Nikabaki nimepiga magoti, ndoo pembeni.

"Nikasimama na kata," akaendelea. "Nasema, sasa hivi anakuja. Jiko likaungua lote nikiwa nimesimama. Jioni nikatuma watu kisimani, nikidhani umetumbukia. Wakashusha ndoano, wakatoa ndoo tatu za watu zilizopotea miaka ya nyuma. Wewe hukuwamo. Mwaka wa pili nikasikia una kilabu Nachingwea. Nikasema, huyu maji anayafuata mbali."

"Mbona hukuniita, Mama?"

"Nikuite vipi? Nilishakutuma. Anayetumwa hurudi mwenyewe."

Nikalia. Yeye akanitazama nikilia, kisha akaigonga ndoo kwa kidole. "Na hiki ndicho ulichonichotea maji?"

Nikamweleza mambo yote: kopo, simu, chunjua, kidude. Akafungua kifuniko, akanusa, akachovya kidole akalamba. Uso ukakunjamana.

"Haijaoza. Mzungu ametia kitu kichungu kama mwarobaini, hicho ndicho kimeilinda. Lakini chachu imekufa. Uliitia ikiwa ya moto."

"Haiwezekani, Mama. Nilipima kwa kiwiko."

"Lete."

Nikampa mkono. Akaushika, akageuza kiwiko juu, akakitazama kama anatazama mbegu. Akakaa hivyo kidogo.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Nakufinya."

Nikatazama. Kweli alikuwa amenifinya kwa kucha zote mbili, ngozi imeinuka kama hema. Sikusikia kitu. Miaka thelathini ya kuchovya kwenye uji wa moto na moshi wa kuni, kiwiko kilikuwa kimegeuka gome, na mimi sina habari. Kilikuwa kinatulia kwa sababu hakijui tena kushtuka.

"Usihuzunike," Mama Teo akasema, akapandisha mkono wa gauni lake. "Finya."

Nikafinya. Hakutikisika.

"Mimi kilikufa kabla yako. Siku hizi namtumia mbuzi."

Nilidhani anatania. Hakutania. Alikuwa na mbuzi jike mmoja mwekundu. Uji ukiwa wa moto sana, mbuzi ananusa na kugeuza kichwa. Ukipoa sawasawa, anataka kunywa. Mama Teo alikuwa akipika hivyo misimu kadhaa, na anasema mbuzi yule hajamwangusha ila siku moja alipokuwa na mafua. Nikatoa kipimajoto cha Deusi kwenye pindo la kanga, maana nilikibeba pamoja na ndoo, nikamweleza kazi yake. Akakitumbukiza kwenye maji ya chai, akaona mstari unapanda, akaguna. Tulipouchemsha upya ule uji wa kopo na kuuacha upoe kwenye mchanga uliolowa chini ya mtungi, tukapima kwa vyote viwili. Mbuzi na kioo vilikubaliana. Mama Teo alimsifu mbuzi.

Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu. Humo mlikuwa na chachu yake, anayoitoa kwenye pombe iliyopita na kuitia kwenye inayofuata, tangu kabla sijafika kwake. Akakoroga kidogo kwenye kata, akamimina kwenye ndoo, akafunga kifuniko. Tukaketi. Mezani palikuwa na mihogo, lakini hakuna aliyekula. Jua lilipokuwa linashuka, bila mtu kuitikisa, ndoo ikasema: bwa.

"Kumbe inajibu," akasema Mama Teo. Alikisikiliza kile kidude wiki nzima. Majirani wakipita anawaambia wanyamaze.

Ilipoiva, ilikuwa chungu kwa ajili ya kopo, na kali kwa ajili ya kibuyu. Nisiwadanganye, wajukuu zangu. Ilikuwa mbaya. Watu wa jirani walioonja walisema si pombe, ni dawa ya homa, na kesho yake wakaja na vijiko. Mzee Salumu, jirani wa Mama Teo, mtu wa msikitini, naye akaja na kijiko chake, akaomba aelezwe kwanza: "Teodora, hii ni dawa au ni pombe?"

"Kwa hao ni dawa," akajibu. "Kwako wewe ni pombe. Rudi nyumbani."

Akashukuru akarudi.

Siku mbili kabla ya Krismasi Deusi akaja na gari kunichukua. Akasimama mbali kama kawaida yake, akasalimia akiwa ameinamisha kichwa. Mama Teo akamjazia kikombe, cha lita nzima kile, akampa kwa mikono miwili. Sasa mnajua mkwe hawezi kutema mbele ya mama mkwe, wala hawezi kubakisha. Deusi akanywa. Nikaona masikio yake yanatembea. Akanywa mpaka mwisho, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, akarudisha kikombe.

"Asante, Mama," akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Ni nzuri sana."

Mama Teo akanigeukia, akatabasamu kwa meno aliyobakiwa nayo. "Mwongezee."

Nikamwongezea.

Alipomaliza cha pili aliketi kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu alinitazama usoni. Akauliza kama niko tayari tuondoke. Nyuma yake Mama Teo alikuwa ameinama kwenye chungu cha mtama, anajaribu kukiinua. Alijaribu mara moja, akapumzika. Akajaribu mara ya pili. Mbuzi alikuwa amesimama karibu anamtazama. Hakuniita.

Nikajiinua, nikaenda nikashika upande wa pili wa chungu. Kikainuka.

"Deusi," nikasema, "msalimie Matilda. Mwambie aniletee godoro langu."